Yanayofuata ni Maongezi

Nakala yangu ilikuwa imekubali Jukwaa lifutwe. Yangu mimi, Perpetua Mughwai, katibu wa Jukwaa la Ubia la Kata ya Mtavira tangu siku lilipoanzishwa, mtu niliyelala polisi siku mbili ili lianzishwe. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, mstari wa mia nne na sita, na mbele yake neno moja: ANARIDHIA.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikamtazama kijana aliyeniletea orodha hiyo ofisini, Anselm Kileo, Afisa Ushirikishwaji wa wilaya. Alikuwa ameniamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, na hapo ndipo heshima yake ilipoishia.

"Hii ni nini?"

"Matokeo ya awali, mama. Mjadala wa wazi kuhusu nafasi ya Jukwaa ni keshokutwa Jumamosi, lakini nakala zimeshajibu. Asilimia tisini na moja wanaridhia mbadilishwe muwe kamati ya ushauri."

"Kamati ya ushauri, yaani mtatusikiliza mkijisikia."

"Yaani hamtakuwa tena na mamlaka ya kusimamisha maamuzi." Alisema hivyo bila kupepesa macho. "Pampu ya maji ya Bondeni ilipaswa kufungwa, isitumike tena, tangu mwezi wa tatu. Mmeusimamisha uamuzi huo siku arobaini, mkaongeza arobaini nyingine. Jumatatu itafungwa."

Niwaeleze, maana najua kuna kata ambazo balaa hili halijazifikia. Kwetu kila nyumba ina Sikio, kidude cha ukubwa wa mche wa sabuni kilichopigiliwa ukutani karibu na mlango. Linakusikiliza mwaka mzima, halafu linakutengenezea nakala, na nakala hiyo ndiyo inayokujibia. Serikali ikitaka maoni ya wananchi kuhusu soko au barabara, inaziuliza nakala, na watu elfu nne wanajibu kabla chai haijapoa. Jambo likiwa zito, Sikio linakusalimia na kukuuliza mwenyewe, na jibu lako linaingia kwenye nakala. Ukiona umesemewa uongo, unakuja kwenye mjadala wa wazi ukanushe kwa mdomo wako. Wakijitokeza watu mia mbili na hamsini wa kukanusha, matokeo yote ya nakala yanafutwa. Haijawahi kutokea. Nani ataacha palizi aende kubishana na sauti yake mwenyewe?

"Nataka kusikia nilivyosema," nikamwambia. "Sauti yenyewe, siyo neno kwenye karatasi."

"Ni haki yako kama katibu." Akagusa kibao chake.

Nikasikia jikoni kwangu, sufuria ikichemka. Sikio likasema: Habari za jioni, Bi Perpetua? Nikaisikia sauti yangu ikijibu, nzuri. Unaonaje Jukwaa likiboreshwa na kuwa kamati ya ushauri? Ni vizuri, ila. Kisha mlio mdogo wa kufunga, basi.

"Endelea."

"Imeishia hapo."

"Haikuishia hapo. Nilisimama na mwiko mkononi nikaongea karibu nusu saa. Nilikutukana hata wewe kwa jina."

"Inawezekana, mama. Lakini Sikio linachukua jibu. Yanayofuata ni maongezi."

Ile sentensi naijua. Ni yangu.

* * *

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa mkusanyaji. Kampuni iliyoleta Sikio ilitaka wenyeji wa kulifundisha lugha ya watu wa Mtavira, na mimi nilikuwa nimestaafishwa ualimu mapema na nina hasira na kila mtu. Tulipewa nyumba arobaini kwa siku. Unaingia, unasalimia, unauliza maswali sita, unarekodi, unatoka. Shida ikawa moja, watu hawamalizi.

Kwetu ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Una maiti ndani, nzuri, ila tumepata msiba. Humbamizi mtu balaa usoni kabla hajavuta kiti. Unampa kwanza nzuri yake, anakaa, halafu unakuja na ila. Mtoto wa miaka mitano wa Mtavira anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya ila.

Mafundi wa kampuni hawakujua. Walikuwa vijana wa mbali, na mmoja wao aliniuliza kwa adabu kabisa: mama, tukate wapi? Mtu anakuwa amemaliza kujibu wakati gani? Ilikuwa saa nane mchana, jua limenichoma, nimebakiza nyumba kumi na saba. Nilimjibu kateni baada ya jibu la kwanza, mtu akianza ila. Akauliza, na haya yanayofuata? Nikamwambia yanayofuata ni maongezi. Akaandika. Nikatia sahihi.

Siku ile nilimaliza mapema, nikaenda nyumbani kuoga. Nakumbuka nilifurahi.

* * *

"Nipe na ya wodi ya wazazi," nilimwambia Anselm. "Ya miaka minne iliyopita. Mstari wa Veneranda Mughwai."

Hapo ndipo alipositasita. Alijua Veneranda ni dada yangu, na wilaya nzima inajua kilichompata. Wodi ya wazazi ya Bondeni ilifungwa kwa maoni ya wananchi, asilimia themanini na nane wameridhia. Miezi miwili baadaye mwanawe Restituta alishikwa na uchungu, wakambeba kumpeleka mjini, kilomita hamsini na tatu. Hawakufika hata nusu ya njia. Tulichimba makaburi mawili, moja fupi. Ndipo watu walipochoma ofisi ya kata, ndipo tulipolala polisi, na ndipo wilaya ilipotupa Jukwaa ili tunyamaze.

Sauti ikacheza. Habari za mchana, Bi Veneranda? Nzuri. Unaonaje huduma za wazazi zikihamishiwa mjini? Hamna shida, ila mwanangu. Mlio mdogo. Basi.

Sikulia mbele ya yule kijana. Nilijibana.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaiweka juu ya orodha. Fomu ya zamani, kona zimeliwa na mende, na sahihi yangu chini, mkia wa M ukivuka mstari kama kawaida yangu.

"Nami nimeisoma," alisema. "Ukitaka kusema Jumamosi kwamba Sikio lina kasoro, sema. Lakini watauliza kasoro ilitoka wapi. Dada yako atauliza."

"Unanitisha, Anselm?"

"Nakukumbusha, mama."

"Toka ofisini kwangu."

Alitoka. Karatasi aliiacha makusudi.

* * *

Ijumaa asubuhi nilishuka Bondeni kumwambia dada. Nilimkuta pampuni, ndoo imejaa nusu, na Mzee Gidion Msengi amesimama nyuma yake na dumu lake anangoja zamu. Msengi alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Zamani walikuwa wakiazimana moto na chumvi, na Resti alikuwa akimwita babu.

"Hamjambo hapa," Msengi alisema.

Veneranda hakuitika. Alifunga bomba na ndoo haijajaa, akaibeba, akaondoka. Miaka minne alikuwa hivyo. Asilimia themanini na nane maana yake karibu kila mtu, na yeye alikuwa amewahesabu majirani mmoja mmoja, nani kamuua mwanangu, nani hakumuua. Wa kwanza alimweka Msengi, kwa sababu alikuwa mzee na hakuwa na binti wa kuzaa. Siyo yeye tu. Bondeni yote ilikuwa imegeuka hivyo, watu wanaviziana, harusi zinakosa wapishi, msibani wanakaa makundi makundi. Kila mmoja aliamini wenziwe walisema ndiyo, yeye peke yake ndiye aliyekataa.

Nilimfuata dada hadi uani kwake.

"Umekuja na sura gani hiyo?" aliniuliza. "Kaa. Au nawe umeshawauzia Jukwaa?"

"Sijawauzia."

"Maana nasikia mmeanza kuchoka. Nasikia mnakaa vikao vya chai na kulumbana nani awe mwenyekiti." Alimimina maji mtungini, mengine yakamwagika. "Resti hakuniachia hata mjukuu, Pepe. Ameniachia hilo Jukwaa. Wakilichukua na hilo, mimi nimebaki na nini? Niambie."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Dada, wewe mwenyewe umo katika themanini na nane. Dada, mimi ndiye niliyekukata. Ningeyasema hapo uani, sisi wawili tu, na kuku wake. Nikamtazama alivyokonda, nikamwambia kesho aje mapema apate kiti.

Mimi ni mwoga, na siku ile niliujua woga wangu vizuri.

* * *

Ukumbi wa shule ya msingi ulijaa. Watu mia mbili sitini na watatu, niliwahesabu mwenyewe mlangoni, na hakuna aliyekuja kwa upendo. Watu wa Mlimani, upande wa juu wa kata, walikaa kulia, wa Bondeni kushoto, na katikati wakaacha njia ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Mbele lilisimamishwa Sikio kubwa juu ya miguu mitatu, lina taa ndogo juu, na pembeni yake alikaa Anselm na kibao chake.

"Hilo Jukwaa linatusaidia nini?" alianza mama mmoja wa Mlimani kabla hata ya dua. "Soko letu limesimamishwa miezi mitatu kwa sababu watu sita wa Jukwaa hawaelewani."

"Na nyie mlipofunga wodi yetu mlimuuliza nani?" akajibiwa kutoka kushoto.

"Sisi hatukufunga."

"Nani alifunga, majini?"

Anselm aliwaacha warushiane maneno kidogo, uso umetulia. Nadhani ndivyo alivyotaka. Kisha akamwita mtu wa kwanza, Mzee Msengi, kwa sababu ya umri.

Habari za asubuhi, Mzee Msengi? likauliza Sikio, na sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu wa kwetu kabisa. Nzuri, alisema mzee. Unaonaje Jukwaa likibadilishwa kuwa kamati ya ushauri? Mzee akakohoa. "Ni sawa tu, wakubwa wameona, lakini." Taa ikawa kijani. Asante, likasema. Anaridhia.

"Bado naongea," alisema Msengi.

"Umeshapokelewa, mzee," Anselm alimwambia. "Anayefuata."

Kushoto wakamzomea. Veneranda alikuwa mstari wa pili, nikamwona akitema mate chini, ndani ya ukumbi wa shule. Akapita mama wa pili, naye, nzuri, hamna neno, ila. Kijani. Anaridhia. Wa tatu hivyo hivyo. Walikuwa wametoka nyumbani kwao kuja kukataa, na wanakubalishwa mbele ya macho yangu.

Nilisimama. "Msianze na nzuri," nikasema. "Likikuuliza habari, sema mbaya. Likikuuliza unaonaje, sema hapana kwanza. Linafunga baada ya jibu la kwanza."

Ukumbi ukanigeukia.

"Umejuaje?" aliuliza mtu wa Mlimani. "Nani kakwambia linafunga?"

"Anataka kulinda kiti chake huyo."

"Katibu, unatufundisha la kusema? Ndiyo kazi ya Jukwaa siku hizi?"

Na wa Bondeni wenyewe, wale ninaowatetea, wakaanza kuguna. Anselm aliacha kibao chake. Aliniangalia tu, mkono wake juu ya mkoba. Ningeweza kukaa. Jukwaa lingekufa, pampu ingefungwa Jumatatu, na dada yangu angeendelea kumchukia Msengi badala ya kunichukia mimi. Ndivyo hesabu ilivyokuwa, sina haja ya kuipamba.

"Nimejua kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia likate," nikasema.

Nikaitoa fomu kwenye pochi. Nikawasomea. Nikawaeleza nyumba arobaini, jua, yule fundi na swali lake. Niliwaambia kwamba kila maoni yaliyochukuliwa Mtavira kwa miaka kumi na miwili yalikatwa kwenye ila, na kwamba mtu wa kwetu asiyesema ila hajasema kitu. Nikawaambia kuhusu wodi: hakuna aliyeifunga humu ndani. Wote mlisema hamna shida, wote mkasema ila, na hizo ila zote zilitupwa.

Nilidhani watapiga kelele. Badala yake waligeuka kumtazama Veneranda.

Veneranda alisimama taratibu, ameshika kiti cha mbele yake. "Na yangu ilisemaje?"

"Dada, tutazungumza nyumbani."

"Jana ulikuwa nyumbani. Nimekuuliza hapa."

"Ulisema hamna shida, ila mwanangu. Ikakatwa hapo."

"Kwa hiyo nami nimo. Katika wale themanini na nane."

"Umo."

"Miaka minne nawahesabu watu, na mimi mwenyewe nimo." Aligeuka akamtazama Msengi, na mzee akainamisha kichwa. Kisha akanirudia mimi. "Mwanangu ulimwita maongezi."

"Sikujua, dada."

"Ulijua. Wao ndio hawakujua. Wewe umezaliwa humu."

Nikaikunja ile fomu.

Akatoka kwenye mstari wake, akapita ile njia ya katikati, akaenda mbele bila kuitwa. Habari za asubuhi, Bi Veneranda? Wote tulikuwa tunaitazama ile taa.

"Mbaya," alisema.

Taa haikuwaka kijani. Iliwaka, ikazima, ikawaka. Katika miaka kumi na miwili nadhani hakuna aliyewahi kulijibu hivyo, na halikuwa limefundishwa pa kukata. Endelea, likasema, kwa sauti ile ile laini. Dada yangu akaendelea. Aliongea dakika ishirini na mbili. Aliongea habari za barabara, za shuka alilomfunika Resti, za mtoto aliyekuwa bado wa moto. Anselm alijaribu mara moja kusema muda umekwisha, na yule mama wa Mlimani mwenye soko lake akamwambia wewe kijana, nyamaza.

Baada yake walipanga foleni, wa Mlimani na wa Bondeni pamoja, kila mmoja kukanusha nakala yake. Msidhani ilikuwa rahisi. Watu wazima walisimama mbele ya kile kidude wakishindwa kutamka neno moja. Wengine walisema nzu, wakajishika mdomo. Mzee Msengi alidai arudie, na Anselm hakuthubutu kumkatalia.

"Siwezi kuanza na mbaya," mzee aliniambia pembeni. "Nitaonekana sikulelewa."

"Babu, jaribu."

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho, akalisema kwa sauti ya chini, akafuta jasho usoni. Alikuwa wa mia mbili na hamsini na nne kukanusha, wanne zaidi ya waliotakiwa.

Jukwaa likabaki. Anselm alikunja miguu mitatu ya Sikio, akapanga vitu vyake, akanipitia mlangoni. "Jumatatu utaitwa wilayani, mama. Ni kosa kuvuruga zoezi la maoni. Na kuna watu watataka kujua maamuzi mangapi ya nyuma yamebatilika kwa ajili ya sahihi yako."

"Nitakuja. Ukiniuliza habari, utaniona ninavyojibu."

Hakucheka.

* * *

Jumapili asubuhi nilishuka Bondeni. Nilikuwa nimembebea dada karanga, za kukaanga, anazipenda. Kutoka mbali nilimwona amesimama kizingitini, na mbele yake Mzee Msengi na dumu lake chini. Walikuwa wanaongea. Nilimsikia mzee akisema nzuri, ila mgongo, na dada akimuuliza mgongo tena, tangu lini, na mzee akaanza kueleza kirefu, yuko katika raha zake. Nilisimama kando mpaka alipobeba dumu akaondoka. Alinipita bila neno.

Nikasogea.

"Habari za asubuhi, dada."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu, na kitambaa cha kichwani amekifunga vizuri sana, kama mtu anayesubiri wageni.

"Nzuri," alisema.

Nikangoja. Nilishika zile karanga kwa mikono miwili, nikangoja ila yake, hata ya kunitukana, hata ya kunilaani. Ningeipokea yote nikiwa nimesimama pale pale mpaka jioni. Kuku walipita kati yetu. Ukutani nyuma yake niliona Sikio likining'inia, taa imezimwa.

Alikuwa amemaliza. Akaingia ndani, akafunga mlango.